Hutasikia Kitu, Shangazi

Saa nane za usiku simu iliita. Nilipoona jina la shangazi kwenye kioo niliketi kitandani kabla sijapokea, maana mtu wa miaka 71 hakupigii saa hizo kukujulia hali.

"Mwanangu, ulinidanganya."

Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejifunika hadi kidevuni, meno yanagongana kidogo katikati ya maneno. Mkono wa kushoto, alisema, umekuwa mzito kama si wake. Maungo yote yanamuuma. Anasikia baridi ya ndani kwa ndani ambayo hata blanketi la pili halijaiondoa, na kila akigeuka bega linamwamsha.

Masaa kumi na moja kabla ya simu hiyo tulikuwa tumekaa yeye na mimi kwenye viti vilivyopakana, tukisubiri kuchomwa chanjo ya mafua. Siku nzima aliniuliza swali moja tu: "Inauma?"

Nikamjibu hapo hapo. "Hutasikia kitu, shangazi. Ni kama kuumwa na mbu."

Homa ilimtoka kesho yake jioni. Siku ya tatu mkono ukawa mwepesi, akarudi kwenye shughuli zake. Mimi ndiye niliyebaki na neno lake. Wiki ya sita hii.

## Nilitaka akae

Nimejiuliza sana kwa nini nilimjibu vile, kwa sababu si kwamba sikujua. Nimechomwa chanjo hii miaka kadhaa mfululizo. Naujua mkono wa siku ya pili: ukinyanyua kikombe umetulia tuli, ukinyoosha kufikia rafu ya juu unashtuka. Naujua ule uchovu wa jioni unaokufanya ulale mapema bila sababu. Nilikuwa nayajua yote haya nikiwa nimekaa pale, na bado mdomo wangu ukamtaja mbu.

Niliogopa ataondoka. Ilikuwa imenichukua miaka miwili kumfikisha kwenye kile kiti. Alikuwa ameushika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili, namna anavyoushika mtu aliyekaribia kusimama, na mimi nilichohitaji wakati ule ni dakika kumi tu za utulivu wake.

Nilizipata.

Nimekuja kuelewa polepole kwamba maumivu uliyoelezwa mapema na maumivu yaliyokuvamia hayafanani, hata bega likiwa lile lile. Shangazi alipoanza kutetemeka hakuwa na pa kuliweka tetemeko lile. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa wale linaowapata huanza baada ya masaa sita hadi kumi na mawili, na kwamba kwa kawaida halizidi siku moja au mbili. Alichokuwa nacho ni ahadi yangu kwamba hatasikia kitu. Ikiwa ahadi ile ni ya kweli, basi kinachomtokea si chanjo, ni jambo jingine, baya zaidi. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyapima peke yake gizani kabla hajashika simu.

Hakunieleza hayo usiku ule. Aliniambia baadaye, huku akikunja nguo, bila kunitazama.

## Nusu mililita

Kesho yake nilikwenda kukaa naye. Nilitaka kumwonyesha kwamba mwili wake haukuwa unaharibika, kwa hiyo nikamweleza kinachotokea begani, safari hii bila haraka.

Kinachoingia ni nusu mililita tu ya maji. Ndani yake mna vipande vya virusi vya influenza vilivyouawa kwa kemikali na kuvunjwa, hasa ile protini ya juu ya ganda ambayo virusi hutumia kushikamana na seli zetu. Havina uwezo wa kuzaliana. Lakini mwili haujui kwamba vimekufa. Unachojua ni kwamba kitu kigeni kimeingia kwenye msuli, na seli za ulinzi zilizo doria mle ndani huanza kuita wenzake.

Mwito huo ni kemikali. Mishipa midogo ya damu hutanuka ili kuwapitisha wanaokuja, maji kidogo huvuja pembeni, ndipo unapopata uvimbe na joto. Kemikali nyingine, prostaglandini, huziamsha ncha za neva hadi shuka likikupapasa unalisikia. Na zipo zinazoingia kwenye damu zikafika kwenye ubongo, nao ukapandisha kiwango cha joto unachokitaka. Hapo mtu hutetemeka kwa baridi na huku ukimgusa ana moto.

"Kwa hiyo baridi ile ilikuwa yangu mwenyewe," alisema.

Ndiyo. Ilikuwa yake mwenyewe.

Akaniuliza kuhusu kinundu kilichokuwa kinamuuma kwapani, na nikafurahi kwamba ameuliza, maana hiyo ndiyo sehemu ya habari ninayoipenda kuliko zote. Seli zilizookota vipande vile begani hazikai navyo pale. Huvibeba hadi kwenye tezi za kwapani, na mle ndimo seli nyingine hufundishwa sura ya adui, huzaliana kwa wingi, kisha huanza kutengeneza kingamwili, zile protini zinazomnasa adui huyo. Tezi ikivimba, ujue darasa limejaa. Mafunzo hayo huchukua takriban wiki mbili, na kabla hayajaisha hujapata kinga unayoitegemea.

Nilimwambia pia jambo ambalo wengi hulikosea: asiyeumwa mkono hajachomwa bure. Wapo wasiosikia kitu na kingamwili zao zikapanda vizuri. Maumivu hayapimi kinga, wala kutoumwa hakumaanishi kwamba chanjo imekataa.

Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Ungeniambia jana."

## Utafiti niliomsomea

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikafanya kosa la pili, na hili linanisumbua zaidi kwa sababu nililifanya nikiwa na ushahidi mkononi.

Mimi ni mtu wa kutafuta namba. Usiku wa pili nilipata utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, uliofanywa Minnesota kwa watu wazima 849 wenye afya walio kazini. Nusu yao walichomwa chanjo ya mafua, nusu walichomwa maji yasiyo na chanjo, na hakuna aliyejua amepata ipi. Waliochomwa chanjo, takriban 64% walisema mkono unauma. Waliochomwa maji, takriban 24% walisema vivyo hivyo, jambo linalokuonyesha kwamba hata sindano yenyewe ina sehemu yake. Lakini lililonivutia lilikuwa lile la mwili mzima: homa, uchovu, misuli, kichwa. Kundi la kwanza 35%, kundi la pili 34%. Hakuna tofauti ya maana.

Fikiria. Theluthi moja ya watu waliochomwa maji tu walijisikia vibaya siku zilizofuata. Baadhi walikuwa wanaumwa kitu kingine kabisa, kwa sababu msimu wa mafua ni msimu wa kila aina ya virusi. Baadhi walilala vibaya. Na baadhi, nadhani, walikuwa wanausikiliza mwili kwa makini kuliko siku nyingine, na ukiusikiliza mwili hivyo hautakosa la kusema.

Nilimsomea shangazi kwenye simu, kwa furaha ya mtu aliyepata jibu.

"Kwa hiyo hata wangenichoma maji ningetetemeka?"

"Huenda, shangazi."

Kimya. Kisha, "Sawa, mwanangu."

Mnaijua hiyo "sawa". Mtu mzima akikupa "sawa" ya namna ile, mazungumzo yameisha na wewe umebaki upande wako.

Wiki mbili baadaye nilimsaidia kupanga karatasi zake, nikaiona kadi ya chanjo. Hakuchomwa ile niliyochomwa mimi. Alipewa ile ya watu wa miaka 65 na kuendelea, yenye kiasi cha antijeni, yaani vile vipande vya virusi vinavyoiamsha kinga, mara nne: mikrogramu 60 kwa kila aina ya virusi, wakati ya kawaida ina 15. Hutengenezwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu kinga ya mtu mzee huitika polepole na inahitaji kuitwa kwa sauti kubwa zaidi. Na ni jambo linalojulikana kwamba kipimo hicho huumiza mkono zaidi, na huleta uchovu na maumivu ya misuli kwa watu wengi zaidi kuliko kile cha kawaida.

Nilikuwa nimemshinda kwa utafiti usiomhusu.

Watu wale 849 walikuwa vijana kwake, na chanjo yao haikuwa yake. Usiku wake ulikuwa wa kweli, na una maelezo. Hata faida yake ina maelezo: jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2014, lilifuatilia watu karibu 32,000 wa umri wake, na waliopewa kipimo kikubwa walipata influenza kwa takriban 24% pungufu ya waliopewa cha kawaida. Hayo ndiyo ningemsomea. Yana maumivu ndani yake na yana sababu ya kuyavumilia, vyote viwili. Lakini mimi nilikuwa natafuta namba za kumnyamazisha, na anayetafuta za namna hiyo hazikosi.

## Neno moja, magonjwa mawili

Niingize hapa jambo dogo la lugha, kwa sababu linaleta ugomvi usio wa lazima.

Sisi mafua tunayaita mafua tu. Pua inayotiririka siku tatu, mafua. Ugonjwa unaokuangusha kitandani wiki nzima, homa kali, misuli kama umepigwa fimbo, kikohozi kinachobaki mwezi mzima, nao mafua. Wataalamu watakuambia wa pili ni influenza, au homa ya mafua, lakini barabarani neno ni moja.

Kwa hiyo mtu akichomwa "chanjo ya mafua" Jumatatu na Ijumaa pua ikaanza kuchuruzika, ana haki kabisa ya kusema chanjo imempa mafua, au haifanyi kazi. Rafiki mmoja wa shangazi anasema hivyo hadi leo. Nimemweleza kwamba virusi vya mafua ya kawaida viko vya jamii nyingi, na jamii moja tu, ya rinovirusi, ina aina zaidi ya 100. Chanjo hii haikuahidi chochote juu ya hivyo. Nimemweleza pia kwamba hata influenza yenyewe inaweza kumpata mtu ndani ya zile wiki mbili za mafunzo, au akawa ameshaambukizwa kabla hajafika kwenye kiti, maana dalili huchukua siku moja hadi nne kujitokeza. Na hata baada ya hapo kinga si ukuta: mwaka ambao virusi vilivyochaguliwa vinalingana vizuri na vinavyozunguka, hatari ya kuugua hadi kumwona daktari hupungua kwa takriban 40% hadi 60%.

Laiti tungeiita chanjo ya influenza tangu mwanzo. Tungepunguza malalamiko nusu.

## Bega langu

Sasa la kwangu, ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu.

Tulichomwa siku moja, chumba kimoja, mikono ya kushoto wote wawili. Siku ya tatu shangazi alikuwa amepona. Siku ya kumi mimi nilikuwa bado siwezi kuvaa sweta bila kuingiza mkono wa kushoto kwanza, polepole, kwa msaada wa wa kulia. Kuufunga mkanda wa gari ilinibidi nizungushe mwili mzima badala ya mkono. Mkono ukining'inia, nafuu. Nikiuinua kwa pembeni, ulikwama usawa wa kifua, na hapo kulikuwa na maumivu makali ya mahali pamoja, chini kabisa, yasiyofanana na ule uchovu wa msuli ninaoujua.

Nilijiambia yataisha. Nilikuwa nimemwambia shangazi siku mbili, sasa mimi ndiye niliyekuwa nahesabu siku ya kumi na tano.

Nilipokwenda hospitali hatimaye, daktari hakuniuliza maswali mengi. Aliniambia nivue shati, nimwonyeshe kwa kidole mahali sindano ilipoingia. Nilipaonyesha bila kusita. Akaweka kidole chake kwenye ncha ya bega, pale mfupa unapoishia, akashuka upana wa vidole viwili, kisha vitatu, hadi kwenye mnofu wenyewe. "Inatakiwa iingie hapa," akasema. Kidole changu kilikuwa juu, karibu kabisa na mfupa.

Juu pale hakuna msuli wa kutosha. Kuna kifuko kidogo cha ute kinachosaidia bega kuteleza linapoinuka. Sindano ikiingia juu mno, chanjo inaweza kumwagwa ndani ya kifuko hicho au jirani yake, na ule mwito wa ulinzi niliomsimulia shangazi kwa raha ukafanyika ndani ya kiungo, mahali pasipo na nafasi. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha kifuko kimevimba. Ni jeraha linalojulikana. Maumivu yake huanza mapema, ndani ya siku mbili, na hayafuati ratiba ya kawaida ya kuisha. Marekani wameliweka tangu mwaka 2017 kwenye orodha ya madhara ambayo aliyeumizwa anaweza kulipwa fidia. Ni nadra. Si kosa la kilichomo kwenye sindano bali la mahali ilipoingia, na mtu angeweza kulipata kwa chanjo yoyote ya begani.

Nilipewa dawa za kupunguza uvimbe na mazoezi ya bega. Leo naweza kugusa sikio langu la kushoto kwa mkono wa kushoto. Bado sijaweza kufikia mgongoni.

## Atakayesoma nusu

Nilipotoka pale, wazo la kwanza halikuwa bega. Lilikuwa: shangazi asijue.

Na la pili: nisiandike.

Kwa sababu yupo atakayesoma nusu ya makala hii, ile ya bega, akaifunga, akasema mnaona. Nami naamini chanjo hii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba influenza ya msimu huua kati ya watu 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya upumuaji, na wengi wa wanaokufa katika nchi tajiri ni wa umri wa shangazi yangu. Sitaki sentensi yangu hata moja imwondoe mtu kwenye kiti.

Nilikaa na hofu hiyo kama wiki mbili. Kilichonitoa ndani yake ni kugundua kwamba ni hofu ile ile iliyomtaja mbu. Ilikuwa imebadilisha maneno tu: nyamaza, asije akaondoka.

Historia ya chanjo hii ina somo lake pia. Mwaka 1976, Marekani ilichanja watu zaidi ya milioni 40 kwa miezi michache kwa kuogopa aina mpya ya mafua ya nguruwe. Ikaonekana kwamba ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao kinga hushambulia neva na miguu kuishiwa nguvu, umeongezeka kwa takriban mtu mmoja kwa kila waliochanjwa 100,000. Kampeni ikasimamishwa Desemba mwaka huo huo. Tangu hapo ugonjwa huo umefuatiliwa kwa karibu, na katika chanjo za msimu za sasa ongezeko, linapoonekana, ni mtu mmoja au wawili kwa kila milioni. Na influenza yenyewe nayo huweza kuuleta. Mzio mkali ni kama mtu mmoja kwa kila milioni, ndiyo maana unaambiwa ukae dakika 15 kabla hujaondoka, muda unaofaa pia kwa wale wanaozimia kwa kuona sindano tu. Namba hizi tunazo kwa sababu kuna walioumwa wakasema, na kuna waliowasikiliza wakahesabu. Kama kila mmoja angetunza bega lake kimya ili asitishe wengine, hakuna daktari ambaye angejua kushuka vidole vitatu.

Kwa hiyo nikaenda kumwambia.

## Alichokiona

Nilijiandaa kwa "nilijua mimi". Nilikuwa na majibu yake yote tayari.

Shangazi alinitazama bega, si uso. "Ulishusha kola," akasema.

Sikuelewa.

"Siku ile. Mimi nilivua blauzi nikabaki na ile ya ndani, binti akavuta kiti akakaa, tukawa sawa. Zamu yako ikafika, watu wameshajaa mlangoni. Ulifungua vifungo viwili ukashusha shati hapa." Akajionyesha, ncha ya bega. "Na yeye alisimama. Nikawaza, mbona huyu anachomwa juu vile."

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ukishusha shati kutoka shingoni, kinachobaki wazi ni sehemu ya juu tu, na mchomaji aliyesimama juu yako huiona hiyo kwanza. Daktari alikuwa ameniambia kitu hicho hicho: vua mkono wote wa nguo, na anayekuchoma akae usawa wako.

"Mbona hukusema, shangazi?"

"Ulikuwa umeshaniambia ni kama mbu. Nikajua wewe unajua."

Nimeandika makala hii yote ili nifike kwenye sentensi hiyo. Nilidhani uongo wangu mdogo ulimwibia usiku mmoja wa amani. Kumbe ulimfunga mdomo pia. Alikuwa na macho, alikuwa ameona, na mimi nilikuwa nimemweka mahali ambapo kuona kwake hakuna kazi, kwa sababu kijana aliyesoma ameshasema hakuna kitu. Mtu niliyemwambia hatasikia kitu ndiye peke yake chumbani aliyekuwa anaangalia.

Jioni ile tulizungumza kuliko tulivyozungumza miezi mingi. Aliniuliza kama angekunywa parasetamoli mapema ili asiumwe. Nikamwambia wataalamu hushauri kusubiri: ikiuma, kunywa; kabla haijauma, acha, kwa kuwa utafiti wa mwaka 2009 kwa watoto wachanga, ingawa ni wa chanjo nyingine, ulionyesha kwamba waliopewa mapema walitengeneza kingamwili pungufu. Nikamwambia kitambaa cha baridi kinasaidia, na kuutumia mkono kunasaidia kuliko kuulaza. Akanisahihisha kwamba la kwanza ni kuchomwa mkono usioulalia. Hilo sikuwa nimelisoma popote, lakini yeye alikuwa amelijua usiku kucha. Tukakubaliana ni lini mtu aache kuvumilia: mkono usiopungua maumivu baada ya siku chache, bega linalokwama, miguu inayoishiwa nguvu. Uso kuvimba au pumzi kubana, hapo usingoje hata dakika.

Nilimwomba radhi. Alisema ameshasahau, na tukajua wote kwamba hajasahau.

## Simu nyingine

Jumapili iliyopita nilikuwa kwake simu yake ilipoita. Alikuwa yule rafiki wa mafua ya Ijumaa. Watoto wake wanamhimiza akachome mwaka huu, na alitaka kujua kwa mtu wa rika lake. Shangazi huweka simu kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio, kwa hiyo nilisikia swali.

"Inauma?"

Nilijikuta nimeacha nilichokuwa nafanya.

"Inauma," shangazi akasema. "Mkono siku mbili. Usiku wa kwanza utasikia baridi na mifupa, usiogope, ni mwili wako unafanya kazi. Vua blauzi yote, usishushe kola. Na mwambie akae."

Upande wa pili kulikuwa kimya, nikawaza ameshampoteza.

"Utanisindikiza?"

"Alhamisi," shangazi akasema, akatafuta kalamu.